Heshima ya Nani: Safari Yangu ya Mlima Kotesi

Niliporudi mliniuliza kwenye chumba cha walimu, nami nikawajibu kwa maneno mawili matatu kwa sababu kengele ilikuwa imelia na vidole vyangu bado vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Ukinga. Sasa mmetawanyika. Mmoja yuko Tukuyu, mmoja Songea, mwingine ameolewa Iringa na ametusahau kabisa isipokuwa wakati wa Krismasi. Lakini kila salamu inayonifikia ina swali lile lile mkiani: hivi ile safari ya Kotesi iliishaje?

Haya, nimekaa. Mume wangu amelala baada ya chakula cha mchana, mvua inanyesha, na siku kama hii ndiyo inayonirudisha kule hata nisipotaka. Habari za ruhusa na nauli sitawachosha nazo. Nitaanzia pale palipoanzia.

Njombe

Mnaikumbuka ramani ya darasa la tano, ile iliyotafunwa kona na panya. Magharibi ya Njombe, kule milima inakobanana, palikuwa na kilele kilichoandikwa kwa herufi nyembamba Courtesy Peak. Nilikifundisha kama nilivyofundishwa. Wasichana walisema "Kotesi" kwa sauti moja, tukasonga mbele hadi Ziwa Nyasa. Hakuna aliyeuliza Kotesi ni nani au ni nini, wala mimi sikuwahi kujiuliza, mpaka nilipoolewa na Amoni akanipeleka kwao Ukinga, nikakuta kilele chenyewe kiko mbele ya mlango wa jiko la bibi yake.

Siku ile ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa maji yanachotwa wapi, wake wa nyumba ile walinivuta kando. Walininong'oneza jina la mlima mara moja tu, kisha wakaniambia nisilitamke tena maisha yangu yote. Babu mkubwa wa nyumba ile alizaliwa chini ya mlima ule akapewa jina lake, na mke aliyeolewa pale halitaji jina la baba mkwe. Halitaji yeye, hawalitaji wake wa wanawe, hawalitaji wake wa wajukuu. Kwetu Ubena mambo haya tunayajua pia, lakini sikuwahi kuona mlima mzima ukifichwa mdomoni. Nikawauliza, sasa mkitaka kuusema mnasemaje? Wakajibu bila hata kufikiri: Kotesi.

Nilicheka sana. Wanaume wa kijiji, hata karani wa kodi, waliuita mlima kwa jina lake la asili. Waliotumia jina la Kiingereza walikuwa wanawake ambao hawakukanyaga darasani. Utamsikia mama mwenye kuni kichwani akimwambia mwenzake kwamba ukungu umeshuka Kotesi, basi mbegu zianikwe ndani.

Bibi Loida, bibi yake Amoni aliyemlea tangu alipofiwa na mama, ndiye peke yake ambaye hakucheka wala hakulitumia neno lile. Kisa chake nilikisikia jioni ile ile, tukimenya viazi. Alipokuwa bado mke kijana, Mzungu mpima nchi alifika na wapagazi wake. Wanaume wa nyumba walikuwa wamekwenda Lupa kuchimba dhahabu na wengine kwenye mkonge, na baba mkwe mwenyewe alikuwa amesafiri kwa ndugu yake. Wanawake wenzake wakakimbilia kwenye mianzi. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni, hakuweza kukimbia. Mzungu akaonyesha mlima akauliza jina, mkalimani akatafsiri, naye akainamisha kichwa. Akaulizwa tena, akanyamaza. Akaulizwa mara ya tatu, akapiga magoti akatazama chini mpaka wakaondoka.

Kesho yake asubuhi alikuwa akirudi mtoni na mtungi wa maji. Mzungu alikuwa akishuka na mizigo yake. Alipomwona tu, alitoka kwenye njia, akaingia kwenye magugu yenye umande, akamgeuzia mgongo mpaka alipopita. Bibi Loida aliniambia kwamba uso wa yule mtu ameusahau, lakini mgongo wake anaukumbuka, pamoja na mkanda wa ngozi uliopita begani.

Muda ukapita, karani wa kodi akaja na habari kwamba Serikali imeuandika mlima wao kuwa ni Kotesi. Baba mkwe alikuwa anajua kwamba safu nzima ya milima ile Wazungu wameipa jina la mtu wao. Akaona wazi kwamba Kotesi naye ni Bwana fulani, na ameuchukua mlima. Akamwita mkwewe akamuuliza: wewe ndiye uliyekuwapo, kwa nini hukusema? Hata hapo Bibi Loida hakuweza kujibu, maana jibu lenyewe lilikuwa ni jina la huyo anayemuuliza. Mzee akafa akiamini kwamba mkwewe alimwachia Mzungu mlima kwa uzembe wa mdomo.

Mzee Eliya, shemeji yake Bibi Loida, akairithi lawama ile pamoja na mashamba. Yeye alimngoja Bwana Kotesi kwa dhati. Wazungu walipoanza kupanda miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi, huku kwetu Njombe alikuwa na hakika kwamba zamu yao imefika. Aliwahi kwenda bomani, akavua kofia, akauliza kwa upole Bwana Kotesi atafika lini ili watu wahamishe ng'ombe mapema. Makarani walicheka mpaka wakatoka nje.

Basi mimi, bi harusi mwenye cheti cha ualimu, nikaona nimalize jambo hili mara moja. Nikawaeleza kwamba Kotesi si mtu, ni neno. Kwa Kiswahili ni heshima, ile adabu ndogo ndogo ya mtu kwa mwenzake, kama kupisha njia au kupokea kwa mikono miwili. Nilitegemea vigelegele. Bibi Loida akaendelea kumenya kiazi chake mpaka kikaisha, kisha akauliza: "Heshima ya nani?"

Akanieleza taratibu. Mtu amekuuliza mara tatu, hukumjibu. Kesho yake amekugeuzia mgongo kama anayeona uchafu. Halafu anakwenda kuandika heshima. Hata sisi mtoto akikataa salamu ya mgeni tunamwambia adabu nzuri hiyo, na kila mtu anajua tumemaanisha nini. Huenda mlima mzima ulikuwa unamsuta, na wake wenzake walikuwa wakilirudia suto lile kila siku bila kujua.

Likizo ya mwezi wa sita Amoni alitangulia kwao, mimi nikabaki kusahihisha mitihani. Ndipo akanifikia mtu aliyetoka huko na ujumbe. Bibi Loida ameanguka, hatoki tena kitandani. Na ameagiza maneno haya: "Mwambieni mwalimu aniulizie heshima ile ni ya nani. Ninakwenda kuonana na baba mkwe, naye ataniuliza. Nataka kujua nimjibu nini."

Yakobi

Nilipitia nyumbani kwetu Yakobi kwa sababu ya blanketi, na kwa sababu baba yangu anajua kila mtu aliyewahi kubeba mzigo wa Mzungu katika nchi hii. Sikukosea. Nilimweleza nikiwa bado nimesimama, mama akinishika mkono nikae ninywe togwa kwanza. Baba akasema mpima nchi wa kule Ukinga wa siku zile alikuwa na mpishi, Mbena kama sisi, ambaye ndiye pia aliyekuwa akimkalimania. Jina lake Zabroni. Siku hizi ana hoteli Makambako, pale njia panda.

Mama hakufurahi. Makambako iko kaskazini, Ukinga uko magharibi, na mgonjwa hangoji. Alisema nitamkuta bibi wa watu amekwisha zikwa huku mimi nazunguka kutafuta wapishi. Nilijua anasema kweli, lakini nilijua pia kwamba nikienda moja kwa moja nitafika na mikono mitupu, na Bibi Loida hakuniagiza nifike, aliniagiza nimuulizie.

Asubuhi mama alinifungia mihogo ya kuchemsha na njegere za kukaanga katika kitambaa, akanisindikiza hadi kwenye mti wa mpaka wa shamba. Baridi ilikuwa imeweka barafu nyembamba nyeupe kwenye majani. Kila nikiisikia harufu ya njegere zilizoungua kidogo namwona mama pale, amejifunga khanga mbili, anasema niende basi, asije akalia.

Njombe hadi Makambako

Lori nililopanda lilikuwa limejaa magome ya miwati, na sisi abiria tulikaa juu yake. Magome yale yananuka vizuri mwanzoni, baadaye yanakuchoka nawe unayachoka. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi na breki chache. Alisimama kila alipoona mtu anayemjua, na alimjua kila mtu. Penye kijito kimoja alishuka akaoga, kwa sabuni, huku sisi tukitazama upande mwingine.

Nilikasirika mpaka mama mmoja mwenye kuku aliniuliza nina mgonjwa wapi. Nilipomwambia, alimpigia dereva kelele kwa Kibena maneno ambayo mwalimu hawezi kuyaandika. Tukaenda mbio kwa muda, kisha tairi likapasuka. Dereva akamtazama yule mama kwa jicho la kusema umeona sasa. Tulikaa kando ya barabara, tukagawana mihogo yangu na mayai yake ya kuchemsha, upepo wa nyanda ukitupiga kutoka kila upande. Hasira zikaisha zenyewe. Sijui yule mama alikuwa anaitwa nani, na ningependa kumwona tena.

Makambako

Siku zile Makambako ilikuwa njia panda tu, maduka machache ya mabati, pampu ya petroli, vumbi, na upepo ambao watu wa pale husema umezaliwa kwao. Hoteli ya Zabroni niliiona mara moja, ina benchi mbili na birika kubwa jeusi. Mwenyewe hakuwapo. Binti yake akaniambia amekwenda kwenye maziko upande wa pili wa bonde, atarudi akirudi.

Nikangoja. Nilikunywa chai ya maziwa mpaka nikaikinai, nikala maharage na wali, nikasaidia kuosha vikombe kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure. Malori ya kwenda Mbeya yalipita, ya kwenda Iringa yakapita. Kila lori lililoondoka niliona kama limeondoka na pumzi ya Bibi Loida. Nililala na binti yule nyuma ya hoteli, na asubuhi baba yake akatokea, mrefu, amejifunga skafu, anatembea kama mtu anayehesabiwa hatua zake na askari.

Nilimwamkia kwa Kibena, akafurahi. Nilipotaja mpima nchi na Ukinga, furaha ikamtoka. Akasema amekwisha kuulizwa habari za Wazungu na watu wengi, wengine makarani, wengine wapelelezi, naye ni mzee anayeuza chai. Akaniambia milima aliyopanda na yule Bwana ni mingi, nimtajie jina la huo ninaoutaka. Nikasema Kotesi. Akatikisa kichwa. Hilo ni la ramani, akasema, kila mwenye ramani analo. Nimtajie jina lake lenyewe ndipo ajue nimetoka huko kweli.

Nilikuwa nalijua, ndugu zangu. Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Hakukuwa na mtu wa Ukinga hata mmoja wa kunisikia, na kwa neno moja tu ningepata nilichokifuata. Niliwafikiria wale wanawake walioninong'oneza kando ya jiko. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Akauliza tena, na sauti yake sasa ilikuwa na ukali. Machozi yakaanza kunitoka kwa sababu nilijua nimeshindwa na nitafika kwa mgonjwa bila kitu.

Nilipoinua macho nilimkuta mzee amekaa kwenye benchi, mkono umefunika mdomo.

"Wewe umeolewa nyumba ile," akasema. "Yule mama naye alifanya hivyo hivyo. Hivyo hivyo kabisa."

Alimwita binti yake alete chai mpya na mandazi, akaanza kueleza. Kwanza alinionya nisije nikamgeuza Bwana yule malaika. Alikuwa mkali, aliwahi kumpiga kofi kwa ajili ya mayai yaliyoungua, na Zabroni alimtoroka mara moja akarudi kwa sababu ya njaa. Jioni ile baada ya kunyimwa jina alirudi kwenye hema amevimba, anasema watu hawa wanamficha. Zabroni akiwa anampakulia chakula akamweleza. Akamwambia yule mama hakukataa kwa kiburi, mlima una jina la baba mkwe wake, na mke hatamki jina lile hata akiwekwa mbele ya askari. Kisha akasema yeye Zabroni amekwisha lisikia jina kutoka kwa wachunga ng'ombe, Bwana akitaka atamtajia sasa hivi aandike.

Bwana akaacha kula, chakula kikapoa. Halafu akasema asimtajie. Kama yule mama ameweza kulifunga kinywani mbele ya Mzungu mwenye bunduki, yeye hatalipata kwa kupitia mlango wa nyuma. Akauliza watu wa huku wakitaka kumwonyesha mwanamke heshima kubwa kabisa hufanya nini.

"Nikamwambia heshima kubwa ni ya mtu kwa mama mkwe wake," Zabroni akasema. "Ukikutana naye njiani, unatoka njiani, unaingia hata kwenye matope, unampa mgongo usimtazame usoni mpaka apite. Basi asubuhi tukakutana naye, ana mtungi. Nilidhani nimemtania tu. Bwana akaingia kwenye majani na viatu vyake vizuri, akageuka."

Niliweka kikombe chini. Mzee akaniuliza kama yule mama alielewa. Nikamwambia hapana. Nikamwambia alidhani amedharauliwa, na kwamba amekaa na mgongo ule miaka yote hii. Nani angefikiria kwamba Mzungu anajua desturi ya mama mkwe? Zabroni akageukia barabara. Akasema alipaswa kurudi kumweleza, lakini walihamia mlima mwingine, na mwingine, na maisha yakaenda.

Nilipoondoka alinipa mandazi ya njiani na akanikataza kabisa kumshukuru.

Mdandu

Hakukuwa na lori la kurudi Njombe siku ile, ila lilikuwapo la kwenda kuchukua mahindi Mdandu, na watu wakaniambia kutoka kule ninaweza kuifuata milima ya Kipengere kwa miguu hadi Ukinga. Kwenye ramani ya darasa la tano si mbali. Ramani ile ina mambo mengi ya kunijibu.

Mdandu nilifikia kwa mzee mmoja wa kanisa na mkewe, watu wema ambao hawakuwahi kuniona. Walinipa maji ya moto, ugali na maboga, wakanitandikia karibu na moto. Lakini niliona wananitazama kwa huruma isiyo ya kawaida. Mwanamke kijana, peke yake, ana kifurushi, macho yamevimba, hataki kusema mengi, na anauliza njia ya milimani. Wakaamua wenyewe kwamba nimemkimbia mume. Baada ya chakula mzee alisali kwa kirefu, akamwomba Mungu aulainishe moyo wa mke mwenye hasira arudi kwa bwanake. Niliposema amina kwa nguvu wakatazamana. Nikawaambia huko huko kwa mume wangu ndiko ninakokwenda, na kama kuna njia ya mkato naiomba. Mama yule alicheka mpaka akaegemea ukuta, na asubuhi alinisindikiza mwenyewe hadi mahali njia inapoanza kupanda, akiniambia nimsalimie huyo bwana na asinikasirishe tena.

Kipengere hadi Ukinga

Njia ile sitaisahau. Chini kuna mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa, halafu miti inapungua, halafu ni majani mafupi na mawe na ukungu unaopita kama unakwenda kazini. Niliungana na wanawake wa Kikinga waliokuwa wametoka kubadilishana viazi kwa chumvi. Walinigawia mzigo bila kuniuliza, nikaona hiyo ndiyo njia yao ya kunikaribisha. Tulipumzika penye chemchemi, tukala mandazi ya Zabroni yaliyokuwa yamekauka kama kuni, nao wakanipa viazi vya kuchoma majivuni, vya moto, vyenye chumvi mpya. Nimekula kwenye harusi nyingi tangu siku ile. Chakula kitamu kama kile sijakipata.

Niliwauliza habari za Bibi Loida kwa kuogopa. Mmoja akasema juzi alisikia yu hai. Jana hakusikia kitu. Nikawa natembea mbele yao bila kutaka, wakawa wananicheka kwamba mke huyu ana haraka na mume.

Ukungu ulipofunguka upande ule wa pili, kilele kilikuwa pale, cheusi, kimetulia. Yule aliyekuwa karibu nami, mke wa kijiji cha jirani aliyeolewa katika ukoo ule ule, akanyoosha kidole akasema, "Kotesi." Nikalia tena. Msinicheke, nilikuwa nimechoka.

Jikoni kwa Bibi Loida

Amoni alinikuta kwenye kijia, akanishika mabega, na kabla sijauliza akasema bado yupo. Walikuwa wamemhamishia jikoni kwa ajili ya joto. Amekuwa mdogo, uso wote macho. Mzee Eliya alikuwa amekaa karibu na mlango, fimbo kati ya magoti, kama alivyokuwa akikaa kila siku tangu shemeji yake alipoanguka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyemngoja Bwana Kotesi muda mrefu mno.

Nilipiga magoti karibu na kitanda, nikamwambia Bibi nimemwona mpishi. Sikuanza na neno la Kiingereza. Nilianza na jioni ile, chakula kilichopoa, na Bwana aliyekataa kutajiwa jina. Kisha nikamweleza swali alilouliza, na jibu alilopewa. Nilipofika kwenye mama mkwe, kutoka njiani na kumpa mgongo, niliona mkono wake umeacha kuchezea blanketi.

Alifumba macho, nami nikajua anauona mgongo ule tena, na ule mkanda begani, na umande. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni. Mzee Eliya alikuwa ameinamisha kichwa.

Kisha Bibi Loida akaanza kutikisika. Nilidhani ni kikohozi, kumbe anacheka. Alicheka bila sauti, machozi yakimtiririka kwenye masikio.

"Kumbe nilikuwa na mkwe Mzungu," akasema, "na sikumpikia hata kiazi."

Jiko zima likacheka, hata Amoni ambaye kumchekesha ni kazi. Alipotulia alinishika mkono akaniuliza tena swali lake la siku ile: heshima ya nani? Nikamwambia ni yako, Bibi. Ni ile uliyompa baba mkwe wako ulipofunga mdomo. Yule Bwana aliiona, akaiandika pale kilipo kile kilele, na kila mtoto anayesoma ramani anaitaja.

"Basi nina la kumjibu," akasema, akalala usingizi.

Njia ya mtoni

Hakufa siku ile, wala juma lile. Alianza kunywa uji wa ulezi, halafu akaanza kuugombeza. Siku moja jua lilipotoka alisema anataka kwenda kuutazama mlima kutoka njia ya mtoni, pale pale. Tukamshika, mimi upande huu na Amoni upande ule, tukaenda hatua kwa hatua. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Mzee Eliya alikuwa akipanda kutoka bondeni na mundu wake. Alituona. Yeye ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na mashemeji huko hutaniana wanapokutana, hawapishani njia. Alisimama kidogo. Halafu akatoka kwenye njia, akaingia kwenye magugu yenye umande hadi magotini, akatugeuzia mgongo, kofia mkononi.

Bibi Loida alisimama tulipofika usawa wake. Nilisikia pumzi yake. Alitazama ule mgongo wa mzee mwenzake, wenye koti lililotiwa viraka, alitazama muda mrefu, kisha akaniminya mkono twende. Tulipofika pale juu akatazama kilele, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akalitamka lile neno. "Kotesi," akasema, kwa sauti ya kuita.

Alikufa msimu wa mvua ulipoanza, akiwa tayari. Nami nikisimama mbele ya ramani ile yenye kona iliyoliwa, wasichana wakisema jina kwa sauti moja, huwa nachelewa kidogo kusonga mbele hadi Ziwa Nyasa. Wananidhania nimesahau.

Mmeniuliza pia jina la kweli la mlima, lile la asili, ili mliandike kwenye madaftari yenu. Nimeshika kalamu hapa tangu mvua ianze, nimejaribu, na mkono umekataa. Mume wangu akiamka mwulizeni yeye. Mimi niliolewa nyumba ile. Andikeni Kotesi.